Visiwa Viwili, Siku Tatu

Bunia, Jumapili jioni

Mwanangu Divine,

Uko kwa tantine Jeanne unasukwa nywele za safari. Hutarudi kabla ya saa tatu, maana dada ya baba yako akishika kichwa cha mtu hakiachi mpaka amalize hadithi zake zote. Hiyo inanipa saa mbili. Kazi ya redio imenifundisha kwamba saa mbili zinatosha kuandika jambo lolote, mradi mtu ajue anachotaka kusema. Mimi nimekijua kwa wiki tatu. Nilichokosa ni ujasiri wa kukisema ukiwa umekaa mbele yangu.

Nitaiweka barua hii ndani ya mkoba wako wa mkononi. Isome ukishapita uhamiaji, siyo kabla.

Sitaandika juu ya pasipoti, kadi ya chanjo, wala baridi ya Liège, huko Ubelgiji utakakokwenda kuishi. Hayo umeshaambiwa na watu wengi kuliko inavyohitajika. Sitaandika pia jinsi ya kuishi na mume. Niliishi na mmoja kwa miaka ishirini na mmoja na sikuwa fundi wa kazi hiyo. Nitaandika juu ya kisiwa, namna kilivyochaguliwa. Nusu ya habari hiyo unaijua. Nusu ya pili ninayo mimi.

Unakumbuka ilivyoanza. Gedeon, mchumba wako wakati ule, alikupigia simu kutoka Liège akicheka mpaka hatukumwelewa. Tulidhani amelewa, na Gedeon hanywi. Kazini kwao, wanakotengeneza lifti, walichezesha tombola, bahati nasibu ya mwisho wa mwaka. Wenzake walipata mashine za kahawa na blanketi. Yeye alipata safari ya watu wawili ndani ya meli kubwa, siku kumi baharini, kuanzia bandari ya Morisi. Na kabla ya meli, mapumziko kisiwani, mkichagua wenyewe kati ya viwili: usiku tano hukohuko Morisi, au usiku tatu Unguja, kisha ndege ya kuwafikisha Morisi siku ileile meli inapoondoka. Fungate yenu ilikuwa imepatikana hata kabla harusi haijapangwa vizuri.

Ile Jumapili tuliyozungumza mezani, Gedeon alikuwa bado Ulaya, sauti yake ikitoka kwenye simu uliyoiegemeza kwenye chupa ya mafuta. Yeye alitaka Unguja. Alisema amechoka kuzungumza Kifaransa kuanzia asubuhi hadi jioni, anataka aamke mahali ambapo mtu anamsalimia kwa Kiswahili. Wewe ulimjibu, "Batatucheka. Kiswahili yao ni ya kitabu. Utaomba mayi ya kunywa, batakuletea mayai."

Tantine Jeanne alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Hakuinua hata macho. "Miye nauliza tu," akasema. "Batu wawili bamekwisha kuoana. Banapanda ndege, banaenda kulala kwa kisiwa. Halafu banapanda mashua, banalala tena. Kulala iko hapa Bunia, bure."

"Tantine, huko kuko bahari," Gedeon akasema.

"Na hapa kuko Ziwa Albert. Mayi iko, samaki iko. Hata mamba iko."

Tulicheka sana. Halafu ukanigeukia mimi, ukasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile. "Mama, weye kazi yako ni kuuliza batu. Utuulizie. Kile utasema, njo tutafata."

Nilikubali kama ninavyokubali kazi yoyote. Nilichukua daftari jipya. Upande wa kushoto nikaandika Unguja, upande wa kulia Morisi, na chini yake maswali: mvua, homa, viza, umbali kutoka uwanja wa ndege, umbali kutoka bandarini. Unajua sheria yangu. Jambo likitoka kwa mtu mmoja ni uvumi. Likitoka kwa watu wawili wasiojuana, ndipo linakuwa habari. Sheria hiyo imenilinda katika mji huu wakati ambapo neno moja la redio lingeweza kuwatoa watu nyumbani usiku na watoto mgongoni. Sikuona sababu ya kuivunja kwa ajili ya fungate.

Nilimpigia mwanamke mmoja anayeuza tikiti za ndege Kampala. Nilimpigia mwenzangu wa zamani aliyewahi kuishi Dar es Salaam. Kisha nikampata kijana wa Ariwara ambaye, kabla ya kurudi kwao kuuza simu sokoni, alifanya kazi ya kufua mashuka ndani ya meli kama hiyo yenu. Huyo alinifurahisha. Alisema meli ina orofa nyingi, kwamba yeye alikaa humo mwaka mzima na bahari aliiona Jumapili tu, kwa sababu chumba cha kufulia kiko chini kabisa. Nilimuuliza kama kuna jambo watu wanaokwenda fungate wanapaswa kulijua.

"Mama, meli haingojaka mutu," akasema. "Jumapili moja niliona bwana na bibi yake wamesimama kwa bandari na mavalizi yao. Ndege yao ilichelewa. Siye tulikuwa tumekwisha kufungua kamba. Bibi alikuwa anapunga mukono, alifikiri hatumuoni. Tulikuwa tunamuona."

Yule mwanamke wa Kampala, ambaye hajawahi kumsikia kijana huyu, aliniambia jambo lilelile kwa maneno mengine. Alisema ndege ya kutoka Unguja kwenda Morisi haiendi moja kwa moja. Lazima mbadilishe njiani, na kati ya kufika kwenu na kuondoka kwa meli zinabaki saa chache tu. Yeye hawauzii tena wateja wake safari ya namna hiyo. "Anayetaka meli," alisema, "alale kwenye bandari ya meli."

Watu wawili wasiojuana. Habari ilikuwa imekamilika.

Jumatano jioni nilikusomea matokeo ya kazi yangu, na Gedeon kwenye simu. Nilianza na Morisi, nikaanza na vimbunga. Nilisema msimu wake unaanza mwezi huuhuu mtakaosafiri. Ni kweli. Kisha nikasema Unguja kuna mvua za vuli, ila ni fupi, hunyesha asubuhi na mchana jua linatoka. Nalo ni kweli, mara nyingi. Nilisema Unguja ni karibu, mtasikilizana na watu, chakula hakitawashangaza. Nilisema Morisi ni mbali. Hakuna neno moja ambalo lilikuwa uongo. Lakini kila mtu wa redio anajua kwamba kinachotangulia ndicho kinachobaki kichwani mwa msikilizaji, na mimi nilitanguliza vimbunga.

Ile habari ya watu wawili waliosimama bandarini na masanduku yao sikuisoma. Ilikuwa ukurasa wa tatu wa daftari. Nilifika ukurasa wa pili nikafunga.

Ukasema, "Basi Unguja." Gedeon akapiga mluzi kwenye simu.

Sasa nikuambie kwa nini. Kwenda Morisi maana yake ni kuondoka Bunia Jumatatu, yaani kesho asubuhi. Kwenda Unguja maana yake ni kuondoka Alhamisi. Nilihesabu siku hizo usiku uleule ulipoleta karatasi ya zawadi, kabla sijampigia mtu yeyote. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Siku tatu. Kwa ajili ya siku tatu nilikuwa tayari kukuacha usimame bandarini unapunga mkono.

Usidhani nilikuwa na mpango mkubwa kwa siku hizo. Jumatatu na Jumanne ningekuwa kazini. Ungekuwa hapa nyumbani unapanga na kupangua mzigo, tungekula pamoja jioni, umeme ungekatika, ungelalamika. Jumatano labda ningeomba ruhusa. Nilijaribu kuorodhesha tungefanya nini na nikapata vitu viwili: kwenda kumwona baba yako makaburini, na kukuonyesha jinsi ya kupima unga wa bugali kwa mkono, jambo ambalo unalijua tangu ulipokuwa na miaka tisa. Nilizitaka siku zenyewe tu, zikiwa tupu.

Na hii haikuwa mara ya kwanza. Katika maisha yangu nimechagua mahali pa fungate mara mbili, yangu na yako, na mara zote mbili nilificha sababu.

Ya kwanza ilikuwa hivi. Nilipoolewa na baba yako, kabla ya vita, sisi pia tulikuwa na sehemu mbili za kuchagua. Baba yako mkubwa alikuwa na nyumba ndogo Kasenyi, karibu na ziwa, akatupa ufunguo. Faustin alikuwa mwalimu wa hesabu, na kwa mwezi mzima alikuwa akisema atakachokifanya huko. Atakula samaki, atalala, atakula samaki tena. Alisema hajawahi kukaa siku mbili bila kusahihisha daftari la mtoto wa mtu na anataka kujua inakuwaje. Mimi nikamwambia twende Epulu. Nikamsifia msitu, nikamsifia mto, nikasema ziwa lina mbu wengi. Ziwa lina mbu, hilo ni kweli pia. Unaona mtindo wangu haujabadilika.

Sikumwambia kwamba mkuu wangu kwenye redio alikuwa ameniomba ripotaji, yaani makala ya sauti, kuhusu okapi, wale wanyama wa msituni wa jamii ya twiga, na walinzi wanaowatunza kwenye kituo cha huko Epulu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kulikuwa na wanaume sita redioni na mimi mwanamke mmoja, nikisoma matangazo ya vifo na ya vitu vilivyopotea. Ripotaji ile ilikuwa mlango. Niliweka mashine ya kurekodi chini ya vitenge vya harusi, na baba yako akaigundua lori lilipoharibika njiani na tukalazimika kushusha mizigo.

Aliishika, akaigeuza huku na huku. "Na hii?" akauliza.

Nikamwambia ni dakika kumi tu za kazi.

Zilikuwa siku nne kati ya tano. Asubuhi nilikwenda na walinzi, nikarudi mchana na viatu vimejaa matope, jioni nikaandika. Baba yako aliketi kando ya mto Epulu juu ya jiwe moja bapa. Nilipopita aliniuliza kama okapi wanasemaje leo. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika, ningemkumbuka vizuri zaidi siku zile. Siku ya tatu tu alinishika mkono nilipokuwa nabadilisha betri, akasema taratibu, "Georgine, siye tulikuya huku kufanya nini?" Nikamwambia nakaribia kumaliza.

Siku ya mwisho nilikwenda kuoga mtoni na mashine ikabaki juu ya kitanda. Tulipokuwa ndani ya lori kurudi Bunia nilisikiliza kaseti ili nijue wapi sauti imepata upepo, na baada ya mlinzi kueleza chakula cha okapi, nikamsikia baba yako. Alikuwa ameiwasha mwenyewe. Alikuwa anasoma habari, akiigiza sauti yangu ya redioni. Nayakumbuka maneno yote.

"Hapa ni Epulu. Leo asubuhi bwana mmoja alionekana kando ya mto akihesabu majani inapita juu ya mayi. Amefikisha mia ine na kumi na mbili. Bibi yake iko natumika kazi. Bwana anasema hana matata, ataendelea kumungojea, kwa sababu bibi huyu ni muzuri kuliko okapi. Mwisho wa habari."

Nilicheka mpaka dereva akauliza kuna nini. Baba yako alikuwa amelala kichwa kikiwa begani mwangu, au alijifanya amelala.

Wiki moja baadaye mkuu wa wilaya alikuja kutoa hotuba uwanjani na nikatumwa. Siku zile kaseti zilikuwa haba. Redio nzima tulikuwa na kaseti chache tu, tukizifuta na kuzitumia tena mpaka sauti iwe kama inatoka ndani ya pipa. Kazi yetu ilikuwa hivyo. Hakuna aliyeiona kuwa vibaya. Sehemu ya mlinzi nilikuwa nimeshaihamisha. Kwenye begi langu kulikuwa na kaseti moja, ile. Nilisimama mbele ya jukwaa, nikairudisha mwanzo, nikabonyeza. Hotuba ilikuwa ya barabara. Alisema barabara itatengenezwa. Baba yako alifutika kidogo kidogo, dakika kwa dakika, chini ya barabara ambayo haikutengenezwa.

Nilijua nilichokuwa nafanya. Sitajitetea kwamba nilisahau. Nilijisemea kwamba Faustin yupo nyumbani, sauti yake nitaisikia jioni, na ikibidi atasoma habari nyingine.

Hakusoma nyingine. Hakuwahi pia kuniuliza kaseti ile ilikwenda wapi. Miaka ilipita, ukazaliwa, vita vikaja, vikaondoka, vikarudi. Kila likizo tulisema mwaka ujao twende Kasenyi, siku tano, bila mashine. Mara barabara ya Bogoro, ya kwenda huko, haipitiki kwa kukosa usalama, mara mimi nina kazi. Nikikuandikia kwa usahihi, barabara ilitukataza mara tatu au nne hivi. Kazi ilitukataza miaka mingine yote. Mimi mwenyewe Kasenyi nimefika zaidi ya mara ishirini, kuhoji wavuvi, kuhoji wakimbizi. Baba yako aliiona picha yake kwenye simu yangu.

Ulikuwa na miaka kumi na minane alipoanguka darasani. Unakumbuka siku tatu zile hospitalini, ulikuwa upande wa miguu na mimi upande wa kichwa. Unakumbuka kwamba mdomo wake ulikuwa unasogea na hakuna kilichotoka. Wewe ulisema anaomba maji. Tantine Jeanne alisema anasali. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusikiliza watu, niliweka sikio langu pale na sikuambulia neno.

Baada ya mazishi nilikwenda redioni siku ambayo si zamu yangu. Kuna kabati tunamohifadhi kaseti za zamani. Nilikaa sakafuni nikazisikiliza zote, moja baada ya nyingine. Ninao mawaziri. Ninao majenerali ambao leo hakuna anayejua waliko. Ninaye askofu anayekohoa. Niliipata hotuba ya barabara nikaisikiliza mpaka mwisho, pande mbili, nikitumaini kwamba mahali fulani mkuu wa wilaya aliwahi kunyamaza kwa muda wa kutosha. Hakunyamaza. Maneno ya baba yako ninayo. Sauti yake sina, Divine. Miaka inavyokwenda nayasikia maneno yale kwa sauti yangu mwenyewe.

Hili sikuwahi kumwambia mtu. Ulipokuwa ukiniuliza kwa nini hatuna hata mkanda mmoja wa baba wakati mama ni mtu wa redio, nilikujibu kwamba wakati wa vita vitu vingi vilipotea. Vingi vilipotea, hiyo ni kweli. Huo tu haukupotea wakati wa vita.

Sasa turudi kwenye kisiwa chako. Ijumaa asubuhi, wiki tatu zilizopita, siku mbili baada ya kukusomea daftari langu, nilikuwa napiga nguo pasi chumbani na wewe ulikuwa uani unazungumza kwenye simu na rafiki yako. Alikuwa anakuuliza, nadhani, kama mna hakika na Unguja. Ukamjibu bila hata kufikiri. "Mama aliuliza kila kitu. Kama mama anasema, njo vile. Weye unamujua mama yangu."

Nikasimama na pasi mkononi. Nguo iliyokuwa chini yake ni ile blauzi yangu nyeupe. Alama uliyoniuliza kwamba imetoka wapi, imetoka hapo.

Nimeaminiwa na mji mzima kwa miaka thelathini, na nimejitahidi kutouibia imani hiyo. Wakubwa wenye silaha wamekaa mbele yangu wakitaka niseme jambo au niache kusema jambo, na nimekuwa nikiwajibu kwa adabu kwamba haiwezekani. Halafu mtoto wangu ananipa imani yake yote bila masharti, na mimi naitumia kununua siku tatu.

Nilikuja uani. Nikakuambia, kana kwamba ndiyo kwanza nimelisikia, kwamba kuna mtu amenipigia sasa hivi kuhusu ndege na meli. Hata katika kusema ukweli nilidanganya kidogo. Nikakueleza habari ya bandarini. Ulinisikiliza, ukaweka mkono mdomoni, ukampigia Gedeon palepale. Nilisikia mkihesabu saa. Nilisikia Gedeon akisema, "Eh, basi ni Morisi. Tena usiku tano iko mingi kuliko tatu." Ukacheka, ukaona aibu kwa sababu nilikuwa nimesimama pale.

Kisha ukahesabu kwa vidole na kicheko chako kikapungua. Ukaniangalia. "Inaomba tutoke Jumatatu, mama. Siyo Alhamisi. Iko muzuri?"

Nikasema, "Iko muzuri."

Nilisema kwa sauti ya redioni, ile isiyopanda wala kushuka, na wewe uliyelelewa na sauti hiyo uliiamini. Ukaingia ndani kuwaandikia wenye zawadi jibu. Nilibaki uani nikakusanya vibanio vya nguo ambavyo vilikuwa tayari vimekusanywa.

Haikuwa nzuri, Divine. Si nzuri hata sasa. Nimekuwa nikiwauliza waliofiwa na waliochomewa nyumba wanajisikiaje, na nimewakemea vijana wa redioni wanaouliza swali hilo kwa sababu halina jibu. Bado halina. Kitanda chako tumekwisha kumwahidi binti wa tantine, atakihamishia kwao. Jana nilipika chakula cha watu wawili nikakumbuka kwamba kuanzia kesho sijui kupika cha mtu mmoja. Tangu nizaliwe sijawahi kukipika. Mambo ni ya kiasi hicho, madogo, na yote nayaweza. Mtu hafi. Nakuandikia tu kwa sababu uliuliza swali na ukapewa jibu lisilo sahihi, na mimi sipendi jibu langu lisilo sahihi libaki hewani bila masahihisho.

Lakini kuhusu Morisi, habari ni sahihi. Hapo niamini. Ungeniuliza leo tena, huku nikijua gharama yake yote, ningekusomea ukurasa wa tatu kwanza.

Nina ombi moja, na si ushauri. Wewe umerithi macho ya baba yako na, kwa bahati mbaya, kazi yangu ya kutotulia. Nimeona tayari umeniwekea kwenye simu ile programu ya kuonana kwa picha, umenifundisha mara mbili, na umeandika kwenye karatasi jokofuni saa za Morisi na saa za Bunia. Umemwambia Gedeon kwamba kila jioni mtanipigia nione bahari. Alikubali haraka. Yeye ni mtu mwema, na angekubali jambo lolote. Baba yako naye alikubali.

Usinipigie. Siku hizo tano usinitafute, usinitumie picha, usiniulize kama nimekula. Kama ni jua, kama ni kimbunga, litazame pamoja na mtu aliye kando yako. Akikuuliza mmefika huko kufanya nini, uwe na jibu. Utakapopanda meli nitumie maneno mawili tu, kwamba mmepanda, nami nitajua.

Kesho tutakwenda wote uwanja wa ndege, Gedeon akitokea kwao, na tantine Jeanne atalia kwa ajili yetu sote, kama ilivyo kawaida yake. Mimi sitalia, na usinihukumu kwa hilo. Nitakushika mkono, nitakuambia safari njema kwa ile sauti unayoijua. Sasa unajua kilicho chini yake.

Simu yangu nitaichaji kila jioni umeme ukiwepo, na usipokuwepo nitaipeleka kwa jirani mwenye sola. Nitaiweka mezani nikiwa nakula. Hilo ni jambo langu mimi. Wewe usipige.

Mama yako,
Georgine